Firigisi ya Mzee Wanyonyi

Kufikia saa kumi jioni Jumapili hiyo, Muhonja alikuwa ameisugua ile sufuria mara tatu. Ilikuwa imetakata tangu mara ya kwanza. Alisugua tu kwa sababu akiacha angelazimika kuinua kichwa, na akiinua kichwa angeuona mlango wa chumba cha mamake, uliofungwa tangu wageni waondoke.

Wageni wenyewe! Wazee watano kutoka Bungoma, na mbele yao Mzee Wanyonyi, baba mkubwa wa Wekulo, aliyemlea Wekulo tangu baba yake afariki. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kuja Kaloleni, Nairobi, kupiga hodi rasmi, ili Wekulo na Muhonja waache kuitwa wapenzi na waanze kuitwa wachumba. Waliingia saa sita na nusu na makoti yao mazito, Wekulo nyuma yao, wakacheka, wakaomba dua, wakanawa mikono. Saa tisa kasorobo walikuwa nje ya geti, na chai haijamiminwa. Mgeni wa Magharibi akikuachia chai yako kwenye chupa, usimuulize kama amekasirika.

Na kisa chenyewe? Firigisi ya kuku. Naam, firigisi. Wewe cheka tu, lakini jogoo akichinjwa kwa ajili ya wakwe, firigisi yake, imondo kama wanavyoiita nyumbani, huwekwa juu kabisa ya bakuli, na aliye mkubwa kati ya wageni ndiye huichukua. Ikikosekana, umemwambia mzee wa watu hadharani kwamba hukumtaka aje. Mwanamke haionji. Muhonja alizaliwa Kaloleni na siku hizi anauza mapazia Eastleigh, lakini hayo aliyajua tangu utotoni, kwa hivyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Na aliyeila firigisi hiyo ni yeye.

Ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, mamake akiwa ametoka kwenda ibada ya kwanza, Muhonja alimtazama yule jogoo aliyetoka Vihiga, akalitazama lile jungu, akashikwa na hofu. Akampigia Wekulo simu.

"Siwezi," alimwambia huku akilia. "Nitaharibu. Mzee wako ashasema wasichana wa Kaloleni wanajua kukaanga chipsi tu."

"Ngoja hapo," Wekulo alisema. "Usishike kitu."

Nusu saa baadaye alikuwa mlangoni. Sasa hapo ujue mapenzi yalivyo, maana Mbukusu, kama walivyo kina Wekulo, haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata kusalimiana naye kwa mkono haruhusiwi, sembuse kushika visu vyake. Wekulo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado alikunja mikono ya shati, akamnyonyoa jogoo, akamkata vipande kwa mpango, firigisi akaipasua na kuiosha mara mbili kwa chumvi. Kuku alipochemka akachota kwa mwiko, akampa Muhonja.

"Onja chumvi," akasema, akageuka kunawa mikono.

Muhonja hakuwa ametia kitu tumboni tangu Jumamosi mchana. Alifumba macho akatafuna. Ilipofika kati ya meno ndipo alipojua ni nini. Angefanyaje? Kuitema angeitemea wapi? Alimeza. Wekulo alikuwa bado amempa mgongo pale kwenye sinki, na Muhonja akajiambia kwamba labda mzee hataulizia. Alikuwa hajakutana na Mzee Wanyonyi.

Mzee alilizungusha bakuli na kijiko mara moja. Akalizungusha mara ya pili.

"Binti," alisema kwa upole, "huyu alikuwa jogoo au ni vipande vya dukani?"

"Ni jogoo, Baba. Alitoka kwetu Vihiga."

"Aliishi vipi bila firigisi?"

Wazee walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mamake Muhonja, aliyekuwa chumbani kwa ajili ya heshima ya mkwe, aliita kwa sauti ndogo, "Muhonja?" Macho yote yakamgeukia msichana aliyesimama na birika la kunawisha. Hapo ndipo ulimi wake ulipomponyoka.

"Sikumkata mimi. Ni Wekulo. Alikuja asubuhi akaingia jikoni, akakata kuku yeye. Muulizeni yeye aliipeleka wapi."

Alimnyooshea na kidole. Kidole hicho ndicho alichokuwa akikisugua pamoja na sufuria tangu saa tisa.

Wekulo alimtazama. Haukuwa mtazamo wa hasira, afadhali ungekuwa wa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha amesoma sawa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ni kweli, Baba. Niliingia jikoni. Na firigisi niliipoteza mimi."

"Jikoni kwa mama mkwe?" mzee mmoja alinong'ona. "Huyu mtoto ana akili?"

Mzee Wanyonyi alijifuta vidole kimoja kimoja. "Twendeni," akasema.

Jamani, kuna aibu inayokufanya utamani ardhi ikumeze, na hiyo ni nafuu, kwa kuwa inaisha watu wakiondoka. Hii ya Muhonja ilianza watu walipoondoka. Alikuwa amemtumia Wekulo meseji kumi na moja, zote pole, pole sana, nisamehe, tafadhali shika simu. Zilisomwa zote na haikujibiwa hata moja.

Akampigia Jawahir, mwenye duka la mapazia anakofanya kazi, ambaye kwake ni tajiri na rafiki kwa pamoja. Alimweleza yote bila kujificha.

"Subiri nielewe," Jawahir alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za wateja wa Eastleigh wakibishana. "Umekula chakula cha mzee, halafu ukamsingizia bwana yako?"

"Si bwana yangu bado."

"Na kwa mwendo huu hatakuwa. Wallahi, Muhonja! Wazee wanaondoka lini?"

"Kesho. Basi la saa moja asubuhi."

"Sasa mimi unanipigia ya nini? Mimi ndiye niliyesingiziwa?"

Simu ikakatwa. Muhonja alikaa nayo mkononi kidogo, kisha akavua aproni, akavaa viatu. Alisimama nje ya mlango wa mamake akitaka kusema anakwenda wapi. Ndani alisikia mtu akipenga kamasi. Hakuthubutu kubisha.

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipofika Baba Dogo, kwenye ile ploti ya mabati mekundu Wekulo alikopanga karibu na kiwanda cha sabuni anakofanya kazi. Alimkuta uani kwenye bomba, ameinamia beseni, anafua ovaroli ya Jumatatu. Suti ilikuwa imeanikwa juu ya kamba na mifuko imegeuzwa nje.

"Umefika," Wekulo alisema. Hakusema karibu.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umenikosea nini?"

"Wekulo, tafadhali."

"Nauliza tu. Umeandika pole mara kumi na moja. Pole ya nini? Sema kitu chenyewe."

Aliikamua ovaroli kwa nguvu, maji yakamrukia Muhonja viatuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua sukuma mlangoni kwake aliacha kuchambua. Muhonja alitamani aseme twende mahali pa faragha, halafu akakumbuka kwamba yeye alimwaibisha Wekulo mbele ya wazee watano.

"Firigisi niliila mimi," akasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Dirisha la jikoni lenu ni kioo, Muhonja. Nilikuwa nanawa mikono nikikuona ndani yake. Ulivyofumba macho, halafu ukayatoa hivi." Kidogo tabasamu limtoke, akalirudisha. "Nilitoka kwenu nikicheka peke yangu hadi barabarani, watu wakidhani nimelewa asubuhi asubuhi. Nikasema, hii stori nitawasimulia watoto wetu. Hata cha kumwambia mzee nilikuwa nimeshakipanga. Ningesema paka aliingia dirishani. Alipouliza nilikuwa ndio nafungua mdomo niseme paka. Ukaniwahi."

Muhonja alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini kilio kilipita katikati ya vidole.

"Usilie hapa," Wekulo alisema kwa sauti ya chini. "Wapangaji watasema nimekupiga."

"Niliogopa."

"Uliogopa, sawa. Na mimi niliogopa. Kwa nini mimi? Kulikuwa na paka, kulikuwa na jirani, kulikuwa na hata kunyamaza. Kwa nini kidole kilikuja kwangu?"

Alilitafuta jibu zuri, akayapata matatu, yote ya uongo. Akachoka na uongo.

"Kwa sababu nilijua hutanikana," alisema. "Kila mtu mwingine angesema si mimi. Wewe nilijua utakubali."

Wekulo aliiacha ovaroli ikazama. Kwa mara ya kwanza tangu afike alimtazama usoni, na Muhonja akatamani asingemtazama.

"Basi hilo ndilo linaloniuma," Wekulo alisema. "Firigisi si kitu. Nenda nyumbani. Leo imeshaharibika, tuiache ilale hivyo ilivyo. Kesho nitampeleka mzee kwa basi, halafu tutaongea."

"Tutaongea lini?"

"Sijui."

"Mzee akipanda basi na hii stori jinsi ilivyo, hatutakuwa na kesho."

"Kesho itakuwepo," Wekulo alisema taratibu. "Labda tu haitakuwa ya sisi wawili."

Wanaosema maneno makali huumiza yanapotoka kwa kelele hawajawahi kuambiwa jambo kwa upole na mtu wanayempenda.  Muhonja alijifuta uso kwa kiganja, akautazama mlango wa bluu nyuma ya Wekulo.

"Baba yuko ndani?"

"Muhonja, usi..."

Alikuwa ameshavua viatu.

Mzee Wanyonyi alikaa kwenye kiti pekee cha chumba hicho, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya beseni la maji moto. Viatu vipya alivyonunua kwa ajili ya safari hii vilikuwa vimemchuna visigino. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Mulembe, Baba," Muhonja alisema, akapiga magoti karibu na mlango.

"Mulembe," alijibu mzee. Hakumwonyesha pa kukaa.

"Baba, firigisi yako haikuibiwa wala haikupotea. Niliila mimi. Nilikuwa naonja chumvi, sikujua, na nilipojua niliimeza. Wekulo hakuipoteza. Nilimsingizia. Na jikoni aliingia kwa sababu nilimpigia simu nikilia nikamwita. Mama hakuwepo. Hakujua lolote. Kosa lote la leo ni langu, na si haki uende nalo nyumbani likiwa na jina la Wekulo."

Mzee alinyoosha mkono akaizima redio. 

"Wekulo!" aliita. "Ingia."

Wekulo aliingia na mikono yenye mapovu, akasimama kando ya kitanda.

"Haya anayosema huyu unayajua?"

"Nayajua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na nimekutukana hapa tangu saa tisa. Nimekuambia umenivua nguo mbele ya wakwe. Nimekuambia baba yako angekuwa hai angeona haya. Hukujibu kitu. Kwa nini?"

"Ungemkataa, Baba."

"Kwa hivyo ukaona heri nikukatae wewe." Mzee alitikisa kichwa. Alipoongea tena, ile sauti ya mkutanoni ilikuwa imemtoka. "Nimekulea miaka kumi na tisa. Hujawahi kupoteza hata jembe langu. Nikaambiwa umepoteza firigisi nikaamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa na njaa na hasira. Basi tuko watatu humu ndani wenye aibu. Hata miguu yangu ina aibu."

 Mzee aliutoa mguu mmoja majini, akaukagua, akaurudisha.

"Miguu hii haiwezi kupanda basi kesho," akasema. "Nyumbani wakiniuliza, nitasema Jumapili tulifika Nairobi tumechoka, tukalala. Kaloleni tunakwenda Jumatatu."

"Baba?" Wekulo alisema. "Na wale wazee wengine?"

"Kuku wa leo wamemwacha mezani. Unadhani watamkataa wa kesho?"

"Na kazi yangu?"

"Badilishana zamu na mwenzako. Ila sikiliza, wewe. La jikoni lina faini yake. Utampelekea mama mkwe leso mpya, na utaiacha nje mlangoni. Ukimaliza hapo hujui hata jikoni kwao ni upande gani." Akamgeukia Muhonja. "Na wewe binti, mimi sijawahi kukuona. Kesho ndiyo mara ya kwanza. Nimesikia tu kwamba unajua kusema ukweli, ingawa unachelewa. Mamako umeshamwambia?"

"Bado, Baba."

"Mwambie leo. Sitaki alale na uchungu ambao si wake."

 Muhonja aliinamisha kichwa, akatoka kinyumenyume kwa heshima, akavaa viatu vyake vilivyolowa.

Wekulo alimsindikiza hadi kona ya barabara kuu. Walitembea na nafasi kati yao ya mtu wa tatu kupita, na kweli wakapita watatu au wanne, wafanyakazi waliokuwa wakiingia zamu ya jioni, wakiwasalimu "niaje" bila kungoja jibu. Siku nyingine Wekulo angemshika kiwiko wakati wa kuvuka. Leo aliitia mikono mfukoni. Muhonja aliuona mkono ule ukiingia mfukoni na hakulalamika, kwa sababu alijua nani aliyeupeleka huko.

"Umenisamehe?" aliuliza walipofika konani.

"Sijui. Nusu."

"Nusu gani?"

"Ile iliyokuona dirishani."

"Na ile nyingine?"

Wekulo alifikiri. "Ile nyingine bado imesimama sebuleni kwenu imevaa suti. Ipe muda."

"Nitaipa. Nitaipa hata mwaka."

"Usiongee hivyo, utanilainisha kabla sijawa tayari." Alipiga kijiwe kwa ncha ya ndala, akakitazama kikibingirika hadi mtaroni. "Nikuombe kitu kimoja. Kesho tukiingia kwenu, usinitazame kama leo mchana. Nitazame kama asubuhi."

"Asubuhi nilikutazamaje?"

"Mdomo umejaa, macho yamekutoka. Mimi yule ndiye niliyetaka kumwoa."

"Ulitaka?"

"Nenda nyumbani, Muhonja," alisema, na safari hii sauti ilikuwa na joto kidogo. "Mzee kakupa kazi."

Giza lilikuwa ndio linaingia alipofungua mlango wa Kaloleni. Sufuria ilikuwa palepale alipoiacha, inang'aa bila sababu. Alipita kando yake, akabisha mlango wa mamake.

"Nimelala," mamake alisema.

"Mama, kesho wanakuja tena."

Kitanda kililia. "Nani amekwambia?"

"Fungua nikwambie. Lakini unisikilize hadi mwisho kabla hujanipiga."

Ufunguo ulizunguka. Mamake alikuwa bado amevaa gauni la kanisani, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Muhonja alikaa sakafuni karibu na miguu yake kama alivyokaa akiwa mtoto akisukwa nywele, akamweleza yote. Alianza na simu ya saa kumi na mbili asubuhi, akafika kwenye mwiko na kidole, hadi kwenye beseni la Mzee Wanyonyi. Hakuruka kitu. Alipomaliza hakuinua macho. Alingoja kofi, au kilio, au lile neno ambalo mama akikwambia unalibeba miaka.

 Mamake aliliweka sawa gauni lake magotini. Akahema.

"Kwa jirani, Mama Clare, wana jogoo mwekundu," alisema mwishowe. "Nitamwomba kabla hajalala. Wewe utaamka saa kumi na moja, utakata vitunguu, utapika wali, utaosha vyombo."

"Ndiyo, Mama."

"Na kuku utampika mwenyewe. Mwenyewe, umenisikia? Simu nitakaa nayo mimi."

"Ndiyo, Mama."

Mkono wa mamake ulishuka polepole, ukatua kichwani kwake, ukabaki pale.

"Ila chumvi," akasema, "nitaonja mimi."